Majani ya Uani

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mchukwi hatujambo, na mikorosho imeanza kuchanua. Umeniuliza kama uchome nyasi kabla ya kupanda.

Biashara ya mkaa ilipofunguliwa huku, miti yetu iliishia kwenye magunia, na shamba likabaki mchanga mtupu. Baba yangu akasema kisipoota kitu mwaka huo, tutahama. Bibi yako, ambaye wakati huo alikuwa bibi harusi, akachimba makinga maji, kisha akatandaza shambani majani aliyoyafagia uani.

"Mkwe, unalima au unatupa taka?" mama yangu akamtania.

"Nalifunika shamba, mama. Lina homa."

Mvua ikanyesha. Udongo wa majirani ulikwenda na maji. Shamba letu likayanywa. Asubuhi mama akaleta tenga la majani ya uani kwake, akayamwaga shambani.

Hatukuhama. Usichome.

Babu yako