Chumvi Isiyotoka Tanuruni

Kwako baba, uliyelala kule juu ya shamba,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kikamba naanza kulia kabla sentensi haijaisha, na Kiingereza ni cha shule. Unanijua: mbele ya watu sauti yangu hujificha. Kwenye karatasi angalau naongea hadi mwisho.

Kaka Mutinda amechukuliwa kazi kule kiwandani kwenu, kwenye saruji. Ni ile kazi yako ya kuzibua, kwenye ule mnara wako. Walimwambia mama kwamba nafasi ya marehemu hupewa mtoto wake, na mama akapiga magoti hapo hapo jikoni, akashukuru.

Nakumbuka ile likizo uliponieleza kazi yako kwa sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa yakichemka na maharagwe. Ulifunua kifuniko ukanionyesha matone. Ukasema mawe mnayosaga huja na alkali, makaa huja na salfa, na zile takataka za plastiki wanazochoma siku hizi ili makaa yasiishe haraka huja na klorini. Ndani kabisa ya tanuru, moto huzigeuza zote mvuke. Mvuke unapanda mnarani, unakutana na mahali pasipo na moto mkali, unaganda kuwa chumvi kwenye kuta za saikloni, yale mafaneli makubwa ambamo unga wa mawe hupitia ukishuka. Unga unaibeba ile chumvi kuirudisha motoni, nayo inapanda tena. Kila mzunguko ukuta unanenepa, mpaka njia inaziba.

"Alkali na salfa zikilingana zinashikana, zinatoka pamoja na klinka, yale mawe yaliyoiva tunayosaga kuwa saruji," ulisema. "Klorini haishikwi na mtu. Hiyo huzunguka tu."

Nikauliza sasa inatoka wapi. Ukasema kuna viwanda vyenye mlango wa pembeni wa kutolea sehemu ya ule mvuke, lakini wakubwa wenu waliona mlango huo unapoteza joto. Kwa hivyo mlango ni nyinyi, na vyuma virefu mkononi. Ulicheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu wewe ulikuwa unacheka.

Mutinda ana jina la babu, babako, ndiyo maana ulimwita nau, yaani "baba yangu", tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mtu hamkatazi babake. Lakini alipokuomba umwingize kiwandani, uliweka kikombe chini. "Nau, mnara huo unanitosha mimi," ukasema. Sijawahi kusikia ukimkataza kitu kingine.

Wenzako walitueleza vile ilikuwa. Wale wa ghorofa ya juu walikuwa wamechokoa mpaka wakachoka, wakaweka vyuma chini wakanywe chai. Wewe huku chini ukasikia kumetulia, ukafungua tundu uchungulie. Kumbe ule uvimbe wa chumvi ukutani ukishachokolewa huweza kuachia wenyewe. Walisema ule unga ukiwa moto haudondoki kama unga. Unamwagika kama maji, na ulikumwagikia wewe.

Nilimfuata Mutinda hadi langoni kwetu siku anaondoka. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yakanitoka yote bila mpango. Nikamuuliza kama wamejenga ule mlango wa mvuke. Akasema hawajajenga, na plastiki wameongeza. Nikamwambia basi asiende.

"Mwalimu wa kemia ameamka leo," akasema, akinivuta sikio. Halafu akaacha kucheka. "Nitajie kazi moja hapa Matiliku. Moja tu. Nirudishe begi ndani sasa hivi."

Baba, niliangalia shamba. Mahindi yalikuwa yamekauka tena kabla ya kupita magoti, na ng'ombe tulishauza ulipokuwa umelazwa hospitali. Nilifikiria duka, boda, kuchota mchanga mtoni. Kila nilichofikiria kina watu wamejaa na wamekaa tu. Akaninyooshea kola ya sweta, akaenda.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kanisani wakisema tufumbe macho, nafumba, lakini siombi. Nangoja wamalize. Mama yuko karibu yangu akimshukuru Mungu kwa sauti juu ya kazi ya Mutinda, na namwonea wivu.

Jana Mutinda alipiga simu. Aliongea na mama kwanza, akasema chakula ni kizuri na vijana wa mnarani ni watu poa. Halafu akaomba anipate mimi. Sauti ilikuwa imekauka. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo.

"Hebu nieleze tena ile chumvi ya baba," akasema.

Nikamweleza yote, polepole, vile ulivyonieleza. Hakunikatiza wala kunifanyia mzaha. Nilipomaliza akasema:

"Kwa hivyo tukizibua leo, kesho iko pale pale."

"Iko," nikasema.

"Haiishi."

"Haiishi."

"Sawa. Wacha nirudi, wananiita."

Pumzika, baba. Sina la kukuomba.

Ni mimi, kitindamimba wako.