Sura Niliyokataa Kuifuta

Mpendwa Mama,

Nilianza kukuita hivyo siku mwanao Amisi aliponileta kwako kijijini Wamaza, ingawa wewe hukutaka kuitwa mama na mimi. Hukunipenda. Tuseme ukweli, maana sasa hakuna wa kumwonea haya. Nilikuwa mwalimu kutoka Kasongo, Mkristo katika nyumba ya Waislamu, tena mwenye kusoma huku anapika. Sombe yangu ya kwanza, majani ya mihogo, iliungua, ukamwambia mwanao, nami nikisikia, kwamba ameoa daftari. Nilicheka jikoni mpaka machozi yakanitoka, kisha nikalia kidogo.

Tulizoeana shambani, kwenye karanga zako. Ulikuwa unanitangulia kupalilia, halafu unarudi nyuma kunimalizia mstari wangu. Siku moja uliniuliza ninasoma nini hasa. Nikakueleza kwamba nataka kujifunza jinsi serikali inavyoamua: nani apewe barabara, nani asahauliwe, na kwa nini. Sera za umma, nikasema. Ukaniuliza kama hao wanaotusahau nao walisoma. Kisha ukaendelea kupalilia.

Kisha mvua zikaja na Amisi akaugua. Pikipiki ilitufikisha mtoni tu, kwa sababu daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Wanaume wa kijiji wakamfunga kwenye machela, wakaingia mtoni maji yakiwafika kifuani, mimi na wewe nyuma yao. Hatukufika hospitali ya Kasongo. Wakati wa kumrudisha ulitembea ukiwa umemshika mguu, njia nzima, kama mtu anayeogopa mtoto asianguke.

Kilio kilipoisha, wazee wa ukoo waliketi. Shabani, kaka mkubwa wa Amisi, akasema desturi inajulikana: ama anirithi, ama nirudi kwa wazazi wangu nimwache mtoto wetu Zaina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mimi nilikuwa nimekwisha kukubaliwa chuo kikuu, Kisangani, kuanza shahada ya doktora. Sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa wewe. Niliinamisha kichwa, nikaanza kuiaga safari ile moyoni.

Ulikuwa unatwanga mihogo nyuma ya nyumba. Uliingia mikono ikiwa myeupe kwa unga, hukuketi, ukasema:

“Huyu hapana mbuzi ya kugawanya. Anaenda kusoma. Mutoto atabakia na miye. Kama kuko mwenye kukatala, aseme mbele yangu.”

Shabani alisema mjane akienda mjini harudi tena. Ukamjibu kwamba kurudi kwangu ni shauri langu na lako. Ukarudi kwenye kinu chako. Hakuna aliyekataa.

Huko Kisangani nilikutana na kina Shabani wengine, wenye tai. Profesa aliyeniongoza mwanzoni alisoma sura yangu juu ya barabara za kwetu Kabambare, akaniambia niifute. Alitaka niandike kwamba watu wa vijijini hawana mwamko, ndiyo sababu barabara zinakufa. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na hivyo ndivyo wakubwa wanavyopenda kusoma. Nikakataa. Akaniacha. Nilikaa muda mrefu bila mtu wa kuniongoza, na wenzangu wakaanza kunipita.

Unakumbuka simu yangu? Ulipanda kilima ili simu ishike rezo, nikakusikia unahema. Nikakuambia nimechoka, nikiifuta sura moja tu nitamaliza na nitarudi kwa mwanangu. Ukauliza ndani yake kuna nini. Nikasema kuna salongo yenu, kazi ya pamoja ya barabara: kila masika wanaume wanavyokata magogo, wanawake wanavyobeba mawe, na baada ya hapo hakuna mkubwa hata mmoja anayekuja kuiendeleza kazi.

“Ni kweli ao ni uongo?”

Nikasema ni kweli.

“Basi unafuta juu ya nini?”

Sikufuta. Nilibisha mlango mmoja baada ya mwingine mpaka profesa mwingine, mwanamke mwenye maneno machache, akakubali kuniongoza.

Wewe hukungoja nimalize, Mama. Nilipofika Wamaza, matope mpaka magotini, ulikuwa umekwisha kuzikwa. Sikukuona uso. Nilikaa kando ya udongo wako, Zaina amenilalia mapajani, ndipo Shabani akaja kusimama juu yetu. Akasema mama aliyekuwa ananilinda amekufa, na mtoto ni wa ukoo.

Nilisimama. Nilimwambia, “Mutoto ni wangu, na niko naenda naye. Miye sina tena mulinzi. Najilinda.”

Nilimpakia Zaina kwenye pikipiki kati yangu na dereva, tukaondoka mchana kweupe, watu wakitazama. Sikugeuka mpaka Kasongo.

Siku ya kuitetea teze yangu, tasnifu yenye sura ile, yule profesa wa kwanza alikuwa mmoja wa waliokaa mezani kunihoji. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayejua ana nguvu, kwa nini nimeng'ang'ania kukana kwamba wanavijiji hawana mwamko. Niliwaona wakibeba magogo, nikamjibu. “Kama kuna waliolala, profesa, hawako Wamaza.” Wote wa mezani walitoka, wakashauriana, wakarudi, wakanipa doktora yangu. Profesa yule alinipa mkono akitazama ukutani.

Niliambiwa nibaki mjini. Nimerudi Kasongo kufundisha. Watu wananiita dokta, na juzi mama mmoja kutoka Lusangi akaniletea mtoto anayekohoa. Nikamweleza kwamba mimi si dokta wa dawa. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza, “Sasa unaponyesha nini?” Nilicheka, nikamsindikiza hospitali, lakini swali lake halijaniacha.

Nakukumbuka, Mama. Nakukumbuka hasa nikiwa na hasira, na siku hizi ninayo nyingi. Nimekwenda ofisini Kabambare mara kwa mara kuuliza juu ya barabara yetu. Kila mara naambiwa nisubiri, mkubwa hana nafasi. Wanadhani mwanamke mmoja mwenye karatasi atachoka. Basi nimekwenda kuongea na wanawake wa Wamaza, wale uliobeba nao mawe. Shabani naye amesema atakuja. Hajaniomba radhi, wala sijamdai. Alikuwa mtoni siku ile, amebeba machela ya ndugu yake.

Jumatatu tunakwenda wote ofisini. Zaina atakuwa mbele, anakataa kukaa nyuma, sijui amerithi kwa nani. Hatukualikwa. Tutaingia.

Pumzika, Mama. Sisi huku hatujachoka.

Mke wa mwanao, mama wa mjukuu wako,
yule uliyemwita daftari.