Tembe la Neema

Jumanne usiku

Paa la bati! Nimerudi mnadani nikakuta Baba Neema ameshalipigilia juu ya nyumba ya midoli niliyomtengenezea mwanetu, mimi ambaye hata msumeno sikujua kuushika. Tangu mwanzo nilimwambia ni tembe, paa tambarare kama la mama yangu kule Kinampanda. Alikubali, na vipimo tukachukua wote. Kumbe alikuwa ananisubiri nitoke.

"Watu watatucheka, Mama Neema. Siku hizi nani anajenga tembe?"

Punje za mtama nilizobandika juu kwa gundi amezikwangua zote.

Neema aliizunguka nyumba yake, kisha akamwuliza, "Baba, sasa bibi ataanika wapi mtama?"

Akajifanya anatafuta nyundo. Alikuwa ameishika mkononi.