Daftari la Bi Nyamizi

Consolatha, nadhani nimepoteza kazi leo saa kumi jioni.

Yule Bi Nyamizi wa Isevya, kwenye darasa langu la watu wazima, anayefungua daftari kwa nyuma. Wiki tatu nimemwita jiwe mbele ya wenzake.

Leo mkaguzi wa elimu kaja darasani, kalichukua daftari lake. Limejaa Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, alizojifunza utotoni madrasa. Mkaguzi naye anazijua. Akasoma kwa sauti: "Jumatatu, mwalimu kasema kichwa changu kimeoza. Jumatano, kasema nisubiri kifo nyumbani, nisimmalizie chaki."

Kila siku. Tarehe zote.

Bibi akaniambia, "Kama nimekusingizia, mwanangu, sahihisha."

Mkaguzi akanipa kalamu nyekundu. Nilitafuta kosa katika maneno yale niliyosomewa, Consolatha. Hakuna hata moja.