Aliyemtoa Babu Kituo cha Kwanza

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kutoonekana kwa fundi wa majokofu, mwanaume, miaka 24
Shahidi: Mdogo wake wa kike. Jina kamili limo ndani ya jalada. Nyumbani huitwa Kimya
Umri: Miaka 18
Kazi: Amemaliza shule mwaka jana, humsaidia mama yake kushona
Makazi: Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, mkabala na kinyozi
Mahali na siku: Chumba cha upelelezi, tarehe 22 mwezi wa sita, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande ameniambia niseme polepole, na pale nitakaposhindwa kusema niandike mwenyewe. Kwa hiyo sehemu nyingine nimeziandika kwa mkono wangu.

Nimeitwa kwa sababu mama yangu aliripoti hapa kwamba kaka ametuletea habari zake kupitia mchezo wa kompyuta. Mchezo huo ni wa sisi wawili, na ligi inayochezwa ndani yake mimi ndiye msimamizi. Jana afande alimpigia mama simu akamweleza kwamba kaka ni mtu mzima. Kama ni yeye anayecheza, basi ameondoka kwa kupenda kwake, na jalada litafungwa. Kama si yeye, basi kuna mtu mwenye kompyuta yake, na hiyo ni kesi ya namna nyingine. Leo ameyarudia maneno hayo mbele yangu. Nimeyaelewa.

Mnamo tarehe 8 mwezi wa nne, saa moja na nusu asubuhi, kaka aliondoka nyumbani kwenda kazini. Alibeba begi lake jeusi lenye vifaa vya kazi na kompyuta yake ndogo ya kukunja. Aliinama mlangoni kufunga kamba za viatu. Aliniambia, "Kimya, leo Paka wako watalia." Hiyo ni timu yangu, Paka wa Dirishani. Yake ni Bomba Bovu, kwa ajili ya bomba la mtaani kwetu linalovuja tangu nizaliwe. Nilimjibu, "Tutaona." Hatukusemezana tena. Mwenye karakana anasema kaka alimtengenezea mteja jokofu hadi saa sita mchana, akapiga simu kwamba amemaliza na anarudi. Hakurudi karakana wala nyumbani.

Afande ameniuliza huo ni mchezo gani. Nimesema besiboli. Akauliza, "Ule wa kupiga mpira kwa rungu?" Nikasema ndiyo, ila sisi hatujawahi kuuona ukichezwa na watu. Kaka alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaukuta mchezo umo ndani. Humo wewe hukimbii wala hupigi. Wewe ni meneja. Unapanga nani arushe mpira, nani atangulie kupiga, nani asimame wapi. Kisha kompyuta inapiga hesabu zake na kukuambia kilichotokea. Mwanzoni tulikuwa tunafungwa na hatujui tumefungwaje. Baadaye kaka aliokota kompyuta mbovu ya mezani, akaifufua na kunipa, ili kila mmoja awe na yake na tukutane mtandaoni.

Mwaka jana, wiki niliyomaliza mitihani, mvua ilitufungia ndani na tukaunda ligi yetu wenyewe. Mchezo unaruhusu. Unauambia unataka timu ngapi, wachezaji waumie au wasiumie, wazeeke au wasizeeke. Kaka alisema waumie, maana asiyeumia si mtu. Mimi niliomba wasizeeke. Tukapatana hivyo. Kisha tukafuta majina yote tuliyoyakuta na kuweka watu wetu.

Kila mchezaji hupewa alama, kuanzia sifuri hadi mia. Mama tulimpa jicho 98, kwa sababu huona uzi uliokatika akiwa chumba cha pili. Shangazi tulimpa mkono 95. Aliwahi kumrushia kaka kandambili kutoka dirishani na ikampata akiwa keshafika kona. Kinyozi aliomba mwenyewe kuingizwa. Kila nikipita huniuliza, "Eti binti, jana nimepiga au nimekosa?" Nikimwambia amekosa, analaumu upepo.

Babu alikuwa baba mzazi wa mama. Alikuwa bawabu wa ghala maisha yake yote na alifariki miaka mitatu iliyopita. Kaka alimwandikia kupiga 4, mbio 2, uvumilivu 100. Akamsimamisha kituo cha kwanza katika Bomba Bovu. Kituo cha kwanza ni mahali ambapo mchezaji husimama akingoja wenzake wamletee mpira. Kaka alisema, "Kazi hii Babu anaijua."

Babu alicheza kila mechi. Bomba Bovu walikosa ubingwa kwa ajili yake. Siku hiyo nilimwambia, "Kaka, Babu anawazamisha." Akasema, "Basi azame na wajukuu zake. Mimi siwezi kumwambia mzee atoke." Shangazi alikuwepo, akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka, lakini alimwongezea kaka chakula.

Nieleze na jambo hili kwa sababu linahusika. Mwishoni kabisa mwa kuunda ligi, mchezo huuliza: meneja asipotuma kikosi, kompyuta imchezee? Mimi nilitaka kubonyeza ndiyo ili mambo yasikwame. Nilisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Kaka akaweka mkono wake juu ya wangu, juu ya kipanya. Alisema, "Si kwenye ligi yetu. Asiyekuwapo angojwe." Nikabonyeza hapana.

Kwa hiyo kaka alipotoweka, ligi ilisimama. Kikosi changu nilikuwa nimeshakituma; kilichokosekana ni chake. Kila jioni, baada ya kupiga pasi nguo za wateja, niliwasha kompyuta. Upande wa Bomba Bovu palikuwa na maandishi mekundu yanayosema meneja anangojwa. Kwenye picha ya uwanja kila jina lilikuwa mahali pake, Shangazi katikati na mpira wake, Babu kituo cha kwanza. Mama hakuwa akiuliza kitu. Ila akisikia kompyuta imeanza kuguruma, aliacha kukanyaga cherehani. Nikizima, cherehani inaendelea.

Mnamo tarehe 15 mwezi wa sita, saa kumi na moja jioni, niliwasha kompyuta na maandishi mekundu hayakuwepo. Mechi ilikuwa imekwisha kuchezwa. Nilisimama ghafla, kiti kikaanguka. Mama akasema, "Kimya, kuna nini huko?" Nikasema, "Bomba Bovu wamecheza, Mama." Alikuwa na mkasi mkononi. Akauweka mezani taratibu kama kitu cha kioo. Akasema, "Yupo."

Alishuka ngazi bila viatu. Nilimsikia akimwambia kinyozi, na kinyozi akapiga kelele mpaka mteja akainuka kitini akiwa amenyolewa nusu kichwa: "Si nilisema! Si nilisema mimi! Na mimi je, nimepiga?" Alikuwa anatazama dirisha letu. Alikuwa amepiga, tena vizuri. Sikumjibu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshakitazama kikosi.

Wenye mbio walitangulia na wenye nguvu wakafuata, kama inavyotakiwa. Kituo cha kwanza alisimama mtu tusiyemjua, mmoja wa wale ambao mchezo huwatunga wenyewe ili kujaza benchi. Ana jina ambalo hatukumpa sisi. Babu alikuwa benchi. Tangu tuunde ligi hajawahi kukaa benchi. Bomba Bovu walinifunga vibaya kuliko siku yoyote.

Mchezo una kisanduku cha ujumbe kwa ajili ya mameneja. Niliandika, "Kaka, Babu yuko wapi?" Nilitaka kuandika mengine, vidole vikakataa. Kesho yake jioni nilikuta jibu. Lilisema, "Nimemtoa. Hafai kitu."

Mama alitaka nimsomee. Nikamsomea jinsi lilivyo. Aliangalia mlango, halafu akasema, "Umeona? Amejibu." Baadaye, bila mimi kusema neno, akasema, "Mtu akiwa mbali na kwao hubadilika." Jioni hiyo hiyo alikata kitambaa cha shati la kaka. Hakuhitaji kumpima, vipimo vyake anavyo kichwani. Ameshona mgongo, vifua na mikono yote miwili. Kola hajaiweka hadi leo.

Afande ameniuliza, "Binti, huoni kwamba huenda kaka yako alichoka kufungwa?" Nilifikiri kabla ya kujibu, ingawa swali hilo nimekuwa nikijiuliza wiki nzima. Aliyecheza ile mechi anaujua mchezo kutushinda sisi wote wawili. Lakini Babu hamjui. Kaka angeweza kutukasirikia. Angeweza hata kuifuta ligi yote siku moja, ana hasira zake. Kumwambia mzee atoke asingeweza. Na akiniandikia huanza na "Kimya", hata anapoandika neno moja la kunitania.

Leo asubuhi, tulipokuwa tunatoka, mama alinisimamisha kwenye ngazi akanifunga kifungo cha juu cha blauzi. Tulikuwa tumeibeba ile kompyuta ya mezani, imefungwa kwa shuka, maana afande aliihitaji. Mama akasema, "Wakikuuliza, sema ni yeye."

Nikasema, "Mama, jalada likifungwa hakuna atakayemtafuta."

Akasema, "Afadhali awe ametukimbia, mwanangu. Aliyekimbia hurudi."

Sikumjibu. Nyumbani wamenipa jina la Kimya kwa sababu ya tabia hiyo. Mama sasa yuko nje, kwenye benchi lililo karibu na chumba hiki. Naona ncha za viatu vyake chini ya mlango. Havijasogea tangu nianze.

Nasema si yeye. Mtu aliyecheza tarehe 15 mwezi wa sita si kaka yangu. Simjui ni nani. Sijui kompyuta ya kaka aliipata wapi, wala kaka alikuwa katika hali gani alipoachana na begi lake.

Afande ameeleza kwamba mtaalamu wao wa mitandao anaweza kutambua huyo mtu yuko wapi, ila mpaka arudi mchezoni. Na hana cha kurudia ligi ikiwa imesimama. Tangu mechi ile maandishi mekundu yamehamia upande wangu. Anayengojwa ni mimi. Sijatuma kikosi wiki nzima. Nilikuwa naona kwamba nikituma, nitakuwa nimemkubali yule mtu akae mahali pa kaka. Afande hakunisukuma. Alisema, "Fikiri tu." Akaenda kutafuta waya wa mtandao.

Nimekubali kutuma. Nimeomba jambo moja. Msimamizi wa ligi anaweza kumhamisha mchezaji kutoka timu moja kwenda nyingine, na niliomba nimhamishe Babu kwanza. Afande aliuliza, "Je, huyo mtu akiona hatashtuka?" Nikasema hatashtuka, kwake Babu hafai kitu. Afande akanisogezea kibodi.

Saa sita kasoro dakika kumi nimemweka Babu kituo cha kwanza cha Paka wa Dirishani, na kikosi nimekituma mbele ya afande. Najua tutafungwa. Maandishi mekundu yamerudi upande wa Bomba Bovu. Yanasema meneja anangojwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ninayoyajua. Nimeyasema bila kushurutishwa na mtu, wa hapa wala wa nyumbani.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyapokea maelezo haya na kuyaandika, isipokuwa sehemu ambazo shahidi ameziandika mwenyewe. Utaratibu ni kumsomea shahidi maelezo yake kwa sauti kabla hajaweka sahihi. Shahidi ameomba yasisomwe kwa sauti kwa kuwa mama yake yuko karibu na mlango. Ameyasoma mwenyewe moyoni, mara mbili, na hakubadilisha kitu. Jalada halifungwi. Nilipofungua mlango, mama yake alisimama. Hakuuliza binti yake amesema nini. Aliuliza kama kompyuta itabaki imewashwa. Nimemwambia itabaki.

Sahihi ya afisa: (imewekwa)