Zuhura Dhidi ya Mlajua

Jumanne, 8 Aprili 1986

Leo Laurean kanifuma! Nilikuwa chumba cha kufulia pale hotelini, mashine zinazungusha mashuka, mie nachora nyuma ya orodha ya mataulo. Laurean ndiye anayeegesha magari ya wageni — Mhaya, mpenzi wa vitabu vya katuni, mfukoni hakosi kimoja. Kaingia kuchukua koti, kachungulia. Kisha: huyu nani? Nikamwambia, Mlajua. Anatembea angani anabwia majua kama karanga. Na huyu mwanamke? Zuhura, ndiye anayemzuia. Kavaa buibui, na ndani ya buibui, badala ya bitana, zimo nyota zote alizoziokoa.

Laurean akakaa juu ya kikapu cha mashuka machafu. Akasema duka la katuni la kule mji wa jirani, Fairfax, lina shindano, Jumamosi ya wiki ijayo. Shujaa mpya wa angani na adui wake. Mhariri anatoka New York kuja kuchagua.

Mimi? Nikacheka. Lakini ile orodha ya mataulo niliikunja, nikaitia mfukoni.

Jumapili, 13 Aprili

Kurasa nne! Wifi Mahfudha kaziona mezani. Nakaa kwake na kaka, nikadhani atanisema — mtu mzima mie nachora mazimwi. Wapi! Kazitazama moja moja, kaziinua dirishani. Akasema huyu Zuhura ana pua ya marehemu mama yenu. Kweli! Sikuwa nimeona. Akanifukuza jikoni, kapika yeye.

Jumamosi, 19 Aprili

NIMESHINDA! Andika polepole, Johari.

Duka tele wanaume. Mwenye duka akadhani nimemsindikiza Laurean tu. Kurasa zangu zilipowekwa mezani, jamaa mmoja mwenye ndevu akauliza kwa sauti, nani kamchorea huyu mama? Wakacheka. Laurean akataka kumjibu, nikamshika mkono.

Nikaomba kalamu. Nikachukua bango kuukuu, nikaligeuza upande mweupe, nikapiga magoti palepale sakafuni. Nikaanza na jicho la Mlajua. Sikumtazama mtu. Nilipofika pale jua linapomkwama kooni, na Zuhura kamshika taya mikono miwili — nikaona vivuli vimefunika bango. Kuinua kichwa, wamenizunguka! Wa nyuma wamepanda viti. Yule wa ndevu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Akaniomba radhi, kisha akaniomba saini. Mie! Saini!

Mhariri ni mzee mfupi, vidole vimejaa wino. Akasema hili ni toleo zima, si kurasa nne. Laurean kaimba njia nzima mpaka nyumbani, hapa Alexandria. Anaimba vibaya. Sikumkataza.

Jumatatu, 21 Aprili

Mikono inauma, mashuka hayaishi. Nacheka peke yangu tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mhariri kapiga simu hapa nyumbani, mchana huu. Wifi kaepua chungu aje asikilize. Mambo mazuri matupu — toleo la Septemba, jina langu juu ya jalada. Ila kitu kimoja, kidogo tu, anasema. Zuhura avue buibui. Avae nguo ya kubana, miguu nje, apewe na jina jepesi. Wasomaji ndivyo walivyozoea.

Nikasema hapana.

Akadhani sikumwelewa, akarudia taratibu. Nami nikarudia taratibu! Kwa Kiingereza changu hikihiki: mama yangu alivaa hivyo, shangazi zangu wanavaa hivyo, na sijaona kazi iliyowashinda. Zuhura ni huyo, au hayupo.

Wifi kajiziba mdomo kwa kanga. Sijui anacheka au analia.

Mhariri kaniambia nisikate, anamwita mkubwa wake. Simu nimeibana begani, naandika huku nangoja. Nawasikia wanabishana mbali. Mmoja anasema haitauzika. Mzee anapiga meza, anasema wewe hukuwepo, hukumwona akichora!

Sitetemeki. Ajabu, sitetemeki hata kidogo.

Kiti kinaburutwa. Mtu kanyanyua simu — si mzee, sauti ngeni, bila shaka ni huyo mkubwa wake — ananiita Bi Johari —