Mguu Uliosikika Chini ya Ardhi

Mjukuu wangu Bhoke,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Ng'ombe wa marehemu bibi yako amezaa, angefurahi sana.

Umeuliza wataalamu wanajuaje yaliyomo ndani ya dunia bila kufika huko. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wapima miamba walikuja hapa Nyangoto, wakanipa kazi ya kugonga bamba la chuma ardhini kwa nyundo. Mtikisiko ulishuka, ukakuta mwamba, ukarudi kwenye vyombo vyao. Kwa muda uliotumia wakajua mwamba uko chini kiasi gani. Siku moja nilisogeza mguu kidogo tu, vyombo vikaunasa. Mtaalamu akafoka, "Mwita, tulia! Unasikika!"

Nilikasirika sana. Leo nazunguka nyumba nzima kwa kishindo, na hakuna wa kunifokea.

Babu yako,
Mwita